Oili ya gia ya vespa: mimi naanza na klachi

"Dada, nipe oili ya gia ya vespa."

Ombi hili nalisikia karibu kila siku dukani kwetu Mwanakwerekwe, na kila nikilisikia huanza kumwuliza mteja maswali kabla sijagusa rafu. Vespa ya gia za mkononi au ile ya kujiendea yenyewe? Iliyomo sasa ni oili gani? Klachi inashika vizuri? Wapo wanaokunja uso, maana walikotoka walipewa chupa, wakalipa, wakaondoka. Mimi siwezi. Nimekulia kwenye gereji ya baba yangu, katikati ya injini za PX, vespa za gia za mkononi, zilizofunguliwa na kutandazwa juu ya magunia, na jambo alilolikazania kuliko yote ni kwamba oili haichaguliwi kwa jina kubwa lililoandikwa mbele ya chupa. Kwanza ujue ni vyuma gani vitakavyolala ndani ya oili hiyo. Kwenye vespa ya gia, na kwenye pikipiki nyingi zinazopita barabarani kwetu, humo hamna gia peke yake. Klachi nayo imo, na klachi ndiyo inayodeka.

Wanaopata tabu zaidi kulikubali hili ni waliojifunza ufundi kwenye magari. Kwenye gari ya gia za mkono klachi inakaa kavu, oili ikiigusa tu imeharibika. Giaboksi ina oili yake nzito na injini ina yake, hazijuani. Mtu akitoka huko akashika vespa, akili inamwambia gia ni gia, zitiwe oili ya gia. Lakini gia na klachi hazitaki kitu kimoja. Gia zinataka utelezi ili meno yasilane. Klachi inataka mshiko, yaani springi zikizibana pleti, ziende pamoja bila kuteleza. Oili moja inatakiwa iziridhishe zote mbili, na ukizidisha upande mmoja, upande wa pili unaumia.

Nianze na vespa yenyewe, kwa sababu ndiyo niijuayo hadi uvunguni. Chombo hiki Piaggio walikitoa Italia mwaka 1946, kikichorwa na Corradino D'Ascanio, na umbo la injini yake halijabadilika sana hata kwenye PX zilizoanza kutoka mwaka 1977. Hakuna mnyororo. Injini, klachi, gia na ekseli ya gurudumu la nyuma vyote vimo ndani ya kasha moja la alumini. PX ni ya mipigo miwili, kwa hiyo silinda na pistoni hulainishwa na oili ya 2T inayoungua pamoja na petroli, asilimia 2, sawa na mililita 20 kwa kila lita. Oili hiyo haifiki kwenye gia. Gia na klachi zina kisima chao peke yao, na kisima hicho ni kidogo: mililita 250. Robo lita ndiyo inayobeba kila kitu kuanzia klachi hadi gurudumu.

Piaggio wenyewe wanataka SAE 30 kwenye kisima hicho, yaani uzito namba 30 kwa kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari. Ni oili ya kawaida, nyepesi, isiyo na W, wala haina makuu. Na hapo ndipo mabishano huanza, kwa sababu mteja ameshikilia chupa ya namba 90 iliyoandikwa kwa herufi kubwa "ya gia", nami namwambia arudishe achukue ya 30.

Mzee mmoja wa Bububu, mteja wetu tangu enzi za baba, alinijia na hoja yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unawakataza watu namba 90. Mie natia 90 tangu ujana wangu, na gia zangu nzima."

"Asubuhi, ukibana klachi ukaingiza gia ya kwanza, chombo hakikuvuti?"

Akanyamaza kidogo. "Kinavuta. Nakishikilia kwa breki mpaka kipate moto."

Basi jibu lake lilikuwa hilo. Gia zake nzima, nakubali. Anayeteseka ni klachi. Oili ikiwa nzito, pleti hazitengani vizuri ukibana mkono wa klachi. Zinabaki zimegandana kwa oili iliyo katikati, chombo kinavuta mbele na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Ikipata moto oili inalegea, mambo yanatulia, mtu anasahau mpaka kesho asubuhi.

Namba hizi zinahitaji maelezo, kwa sababu zinawachanganya hata mafundi wazuri. 30 na 90 hazimo kwenye ngazi moja. Oili za injini zina ngazi yake ya uzito na oili za gia zina yake, ingawa zote mbili ni za SAE. Oili ya gia ya namba 90 si nzito mara 3 kuliko oili ya injini ya 30. Kwa uzito halisi ikiwa moto, 90 ya gia inakaribiana na 40 hadi 50 ya injini, na 30 ya injini inaangukia karibu na 80 au 85 ya gia. Kwa hiyo aliyetia 80 kwenye PX hayuko mbali na kitabu, na aliyetia 90 amezidisha, lakini si kwa kiasi anachokihofia anayezilinganisha namba hizo kama bei.

Lililo kubwa kuliko namba ni herufi ndogo zilizo nyuma ya chupa, zinazoonyesha daraja la oili ya gia: GL-4 au GL-5. Hapa huwa sibembelezi. GL-5 imetengenezwa kwa difu za magari, yaani gia za kwenye ekseli, ambako meno yanasuguana kwa shinikizo kubwa mno, kwa hiyo imejazwa viungo vya salfa na fosforasi vinavyotengeneza ngozi juu ya chuma. Ukifungua kifuniko harufu yake inakupiga puani. Kwa difu ya lori ni dawa. Kwenye vespa, viungo hivyo havina kazi ya maana, vinaweza kuila shaba, na ndani ya klachi ya vespa shaba ipo. Zaidi ya hayo pleti zenyewe zimebandikwa koki, ile ya miti inayotengenezewa vizibo vya chupa, na koki inakunywa chochote unachoitia. Kwa hiyo GL-5 kwenye vespa, mimi siuzi. Mteja akisisitiza namwambia aende nayo kwa jina la Mungu lakini si kutoka rafu yangu.

Na kama SAE 30 haipatikani? Kuna wakati inakauka mjini. Hapo nampa mtu oili ya 4T, ya pikipiki za mipigo minne, 10W-30 au 10W-40, yenye alama ya JASO MA au MA2, ambayo nitaieleza chini. Imetengenezwa kwa ajili ya klachi inayoogelea ndani ya oili, na gia za pikipiki zimo humo humo. 20W-50 naiweka nyuma kabisa kwa vespa. Itafanya kazi, lakini utarudi kwenye ule mvuto wa asubuhi wa babu wa Bububu. Oili ya 2T usiitie kwenye gia hata kama kopo limejaa na duka limefungwa. Imetengenezwa ili iungue na kutoka na moshi. Kubeba meno ya gia si kazi yake.

Kuibadilisha hakuhitaji fundi. Endesha kwanza dakika chache oili ipate moto, ndipo itoke na uchafu wake. Chini ya kasha kuna boliti ya kumwagia, spana namba 11. Ubavuni kuna nyingine yenye ufa mpana wa bisibisi, na kwenye injini nyingi pameandikwa OLIO. Fungua ya ubavuni kwanza. Sababu ni ya kiutu uzima kabisa: ikiwa ile ya kujazia imeganda na haifunguki, utakuwa umekwisha kumwaga oili yote na huna pa kuirudishia. Ikifunguka, ndiyo ufungue ya chini, uache oili itiririke mpaka tone la mwisho. Zote mbili zina washa. Ikiwa imebonyea, weka mpya. Na kasha ni alumini, kwa hiyo ukikaza boliti ya chini kwa hasira unang'oa njia za nati, na hapo kazi ya nusu saa inageuka kazi ya kutobolewa upya.

Tundu la kujazia liko ubavuni, kwa hiyo chupa haielekei. Baba alikuwa akitumia bomba la sindano la mililita 60, lile kubwa la hospitali lisilo na sindano, limechomekwa kipande cha mpira wa petroli mbele. Unavuta, unaingiza mpira tunduni, unasukuma polepole. Mabomba 4 na kidogo, imetosha. Kipimo cha mwisho hakiko kwenye bomba bali kwenye tundu lenyewe: chombo kikiwa wima kwenye stendi yake, oili ikianza kuchuruzika nje, acha, funga. Kikilala upande mmoja utajidanganya. Na usiseme ngoja niongeze kidogo iwe salama. Oili ikizidi inatafuta pa kutokea, kwenye tundu la pumzi au kwenye sili ya ekseli ya nyuma, na ikipita kwenye sili hiyo inaishia ndani ya ngoma ya breki. Breki ya nyuma iliyolowa oili haishiki, na watu wa vespa tunajua mtu akikatiza mbele yako Darajani huna nafasi ya kubahatisha.

Ninapenda sana hatua ya kuitazama oili iliyotoka kuliko kuitia mpya. Imwage kwenye bakuli jeupe, usiimwage kwenye mchanga. Vumbi la chuma la kung'aa, jembamba kama unga, ni uchakavu wa kawaida, hasa injini iliyofungwa upya, na ndiyo sababu injini mpya humwagwa oili yake ya kwanza mapema, baada ya kilomita mia chache tu. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine. Mara nyingi ni kile kipande chenye umbo la msalaba kinachochagua gia, ncha zake zimeanza kumeguka, na dereva atakuambia gia ya pili inaruka anapopanda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Masika, barabara zikifurika, tunaziona hizo kwa wingi, na dawa ni kumwaga, kutia, kuendesha kidogo, kumwaga tena.

Na inuse. Oili ya gia inayonuka petroli inakueleza jambo ambalo macho hayalioni. Kati ya chumba cha krenki na chumba cha klachi kuna sili moja. Sili hiyo ikichoka, injini ya mipigo miwili, ambayo chumba chake cha krenki kinavuta na kusukuma kila mzunguko, inaanza kuvuta oili ya gia na kuiunguza. Chombo kinatoa moshi mzito usioisha, plagi inalowa, na kisima cha gia kinapungua bila tone kuonekana sakafuni. Wakati mwingine inakwenda kinyume, petroli inaingia kwenye gia, kiwango kinapanda na oili inakuwa nyepesi kama maji. Nimeona watu wamenunua kabureta nzima kwa ugonjwa huu. Anza na tundu la OLIO. Ukikuta imepungua na huoni mvujo, au imezidi na inanuka, tatizo ni sili, na hakuna chupa ya oili dukani kwangu itakayoitibu.

Baba alikuwa akiimwaga kila kilomita 5,000 hivi, nami naendelea hivyo hivyo na PX aliyoniachia. Ni robo lita tu. Sioni sababu ya kuionea choyo.

Sasa wenzetu wa bodaboda, maana nao hunijia na neno lile lile, "oili ya gia". Boxer, TVS, Honda na pikipiki nyingi za Kichina za mipigo minne hazina oili ya gia ya peke yake. Oili ya injini ndiyo ya klachi, na ndiyo ya gia. Lita moja hivi, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na modeli, inapita kwenye pistoni yenye moto, inashuka kwenye pleti za klachi, inakatwakatwa na meno ya gia, inarudi juu. Ukinunua chupa ya "gia oili" kwa ajili ya Boxer, hakuna tundu la kuitia ambalo halitaishia kwenye injini.

Kwa pikipiki hizi kuna alama moja ninayomfundisha kila kijana anayesimama mbele ya meza yangu, hata kama ana haraka. Geuza chupa. Tafuta kisanduku kidogo chenye msimbo wa herufi na namba, kimeandikwa JASO na MA, MA1, MA2 au MB. Hicho ni kipimo cha Wajapani kilichotolewa mwaka 1998, na kilikuja kwa sababu maalumu. Oili za magari zilianza kutiwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari zile mafuta kidogo. Kwa gari ni sawa, klachi yake ni kavu. Zilipoingia kwenye pikipiki, klachi zikaanza kuteleza. Basi ukawekwa mtihani wa msuguano kwenye pleti zenyewe. Oili yenye mshiko wa kutosha inapata MA. Mwaka 2006 MA ikagawanywa, MA2 ikiwa ndiyo yenye mshiko mkubwa zaidi. Yenye utelezi mwingi inapata MB, nayo si mbaya, ila si ya klachi inayoogelea.

Upande wa API, kipimo cha Wamarekani cha oili za injini, herufi za SG, SJ, SL, SN zinaeleza jinsi oili inavyoilinda injini, na kadiri herufi ya pili inavyokwenda mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. Hazikuambii lolote kuhusu klachi. Honda kwenye vitabu vyao huandika SG au zaidi, JASO MA, na wanakataza wazi oili yenye maneno ya kuhifadhi nishati chini ya duara la API. Kwenye chupa maneno hayo yako kwa Kiingereza, Energy Conserving au Resource Conserving. Ukiyaona, hiyo ni ya gari. Kitabu cha Boxer kinataka 20W-50 yenye JASO MA. Honda nyingi ndogo zinataka 10W-30. Vijana hubishana ipi "kali" zaidi kati ya hizo. Hakuna kali. Kila injini imeachiwa nafasi zake kati ya chuma na chuma, na oili imechaguliwa kulingana na nafasi hizo. Namba ya mbele, ile yenye W, inahusu baridi, na sisi huku baridi hatuijui, kwa hiyo ukikosana nayo kidogo si msiba. Namba ya nyuma ndiyo uzito wake injini ikiwa moto. Hiyo ifuate.

Kuhusu oili ya dizeli ya namba 40, ile inayopimwa kutoka kwenye pipa kwa chupa ya maji, nitasema ninachokiamini. Haitelezeshi klachi kwa kawaida, ndiyo maana inapendwa, na bei yake ni ndogo. Lakini imetengenezwa kupambana na masizi ya dizeli kwenye injini inayozunguka taratibu, wala haijafanyiwa mtihani wowote wa klachi ya pikipiki. Na ikitoka kwenye pipa lililo wazi, huna alama ya kusoma. Kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni namwelewa anapohesabu senti. Ila namwonyesha pia bei ya seti ya pleti za klachi, ziko rafu ya juu yake, aangalie mwenyewe.

Vile vikopo vya "dawa ya injini" vya kupunguza msuguano, vinavyouzwa kwenye foleni na kwenye vituo vya mafuta, usivitie kwenye pikipiki yenye klachi ndani ya oili. Kazi yake ni kupunguza msuguano, na msuguano ndio unaokusukuma barabarani.

Za kujiendea, zile za mkanda, nitazipitia haraka. Klachi yake ni kavu, iko na mkanda upande wa kushoto ndani ya kifuniko, na oili ikifika pale ni kasoro. Kwa hiyo injini yake inaruhusiwa MB. Lakini nyuma, kwenye gurudumu, kuna giaboksi ndogo yenye oili yake, kama mililita 100 hivi, na boliti yake ndogo hakuna anayeikumbuka. Nimeona zilizotoka Japani zimetumika miaka na oili ya kiwandani, imekuwa nyeusi nzito, na mwenye chombo analalamika gurudumu linalia. Modeli nyingine zinataka 80W-90, nyingine zinataka 10W-30 ile ile ya injini, kwa hiyo soma kibandiko au njoo na jina la modeli.

Oili bandia ipo, na kinga ninayoiamini ni ndogo tu. Nunua chupa ambayo pete ya kifuniko haijakatika, ifunguliwe mbele yako, na ukishamaliza, itoboe chupa kabla ya kuitupa. Chupa tupu nzuri ina soko. Watu wanazikusanya, na zinarudi zimejazwa oili iliyochujwa kwa kitambaa. Oili chafu yenyewe usiimwage nyuma ya nyumba. Maji tunayokunywa Unguja kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, na mawe yetu ya matumbawe yanapitisha kila kitu. Ikusanye kwenye dumu. Mafundi wa majumba huichukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa, na gereji kubwa hupokea.

Mwisho, swali la kaka aliyeniandikia kutoka Wete, Pemba: PX yake imetiwa oili ya gari yenye maneno yale ya kuhifadhi nishati, na sasa akiwa gia ya nne akivuta moto injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Kaka, kabla hujailaumu oili, shika mkono wa klachi uuchezeshe; uwe na ulegevu wa milimita 2 hivi kabla haujaanza kubana. Waya ukikazwa sana, klachi inakuwa imebanwa nusu muda wote na itateleza hata ukiitia asali. Ukikuta ulegevu upo, imwage oili hiyo ikiwa moto, tia SAE 30, endesha kama kutoka Wete kwenda Chake na kurudi, imwage tena, tia mpya. Mara nyingi mshiko unarudi. Usiporudi, koki imeshakunywa na pleti zibadilishwe. Hazisafishiki kwa petroli, mafundi wakikuambia hivyo kataa. Pleti mpya zilale usiku mzima ndani ya bakuli la SAE 30 kabla ya kufungwa, kwa sababu koki kavu ikisuguana na chuma dakika ile ya kwanza inaungua, na kazi utaianza upya. Springi pia zipimwe urefu zikilinganishwa na mpya. Zikiwa zimefupika, weka seti nzima, usichanganye.